SP-404 ya zamani au MKII? Namna ya kuzipima kabla hujatoa hela

Roland walitoa SP-404 ya kwanza, sampla yaani mashine ya kunasa sauti na kuzipiga kwa pedi, mwaka 2005. Miaka mitano hivi baadaye ikafuata SX, kisha 404A mwaka 2017, na MKII mwaka 2021. Anayeitafuta sampla hii leo akiwa Dodoma huishia kuchagua kati ya mbili: SX iliyokwisha pita mikono ya watu, au MKII. Ile A ihesabu kama SX. Imeongezewa sauti za kuanzia na uwezo wa kwenda sambamba na mashine ya ngoma ya TR-8, mengine ni yale yale. Ya 2005 inatumia kadi za CompactFlash, na kadi hizo siku hizi ni kazi kuzipata, kwa hiyo humu tutaigusa kidogo tu.

Ukizilinganisha kwa orodha ya sifa, MKII inashinda karibu kila mstari na hujajifunza kitu. Ifuate sauti yenyewe: inaingiaje, inakatwaje, inapita kwenye efekti gani, inakaa wapi, inatokaje. Ukifika mwisho wa njia hiyo utajua kama tofauti ya bei inalipia kazi unayoifanya wewe, na si kazi ya mtu uliyemwona kwenye video.

Vitu vya kubeba siku ya kupima

Usiende mikono mitupu ukategemea waya za muuzaji. Beba betri 6 za AA mpya, kadi ya SD ya 8GB au 16GB, hedifoni za waya zenye plagi ya 6.3 mm au kigeuzi chake, waya wa RCA pamoja na vigeuzi viwili vya kwenda 6.3 mm, maiki ya dainamiki na waya wake wa XLR kwenda 6.3 mm, waya wa USB-C unaopitisha data (nyingi zinazouzwa barabarani ni za kuchajia tu), pawabenki, na tochi ndogo. Simu iwe na rekodi moja unayoijua vizuri, pamoja na njia ya kuitoa sauti kwa waya. Simu isiyo na tundu la hedifoni inahitaji kigeuzi, na ndicho watu husahau nyumbani.

Umeme kwanza

SX hutumia adapta ya volti 9 ya mkondo mnyoofu, yenye hasi katikati ya plagi; ya MKII ni ya volti 5.7, kwa hiyo usizibadilishane, na hakikisha kwa kusoma maandishi ya mashine yenyewe. Hapo ndipo mashine nyingi hufia. Adapta za ruta na za kamera za ulinzi pia zina plagi inayofanana, ila nyingi zina chanya katikati. Tafuta mchoro wa duara na alama za + na − kwenye adapta; kwa SX mstari wa nukta ya katikati lazima uelekee kwenye −. Kwa SX ampea 1 au zaidi inatosha; kwa MKII fuata zilizoandikwa kwenye adapta yake. Mashine huchukua kiasi inachohitaji, kwa hiyo ampea nyingi haziunguzi kitu. Volti zikizidi ndizo zinazounguza.

Soma pia upande wa kuingilia. Kama imeandikwa 100–240V, ichomeke ukutani bila wasiwasi. Kama imeandikwa 100V peke yake, hiyo ilitengenezewa Japani, na ya 120V ni ya Marekani. Soketi zetu ni 230V. Adapta kama hiyo iache hapo hapo, na bei ya adapta nyingine uitoe kwenye bei ya mashine.

Zote mbili zinakula betri 6 za AA, lakini MKII ina njia ya tatu: USB-C. Inataka volti 5 na ampea 1.5, ndiyo maana ukiichomeka kwenye tundu la laptop ya zamani inaweza kukataa kuwaka ingawa haina ubovu. Kwa pawabenki hesabu ni hii: ya 10,000 mAh ina takriban Wh 37, toa zinazopotea njiani, zinabaki kama 30. Mashine ikivuta wati 7.5 unapata saa 4. Betri za AA kwenye MKII hudumu takriban saa 2.5 za alkalini au 3.5 za kuchaji, kwa hiyo kwa shughuli ya nje ya mji pawabenki ndiyo njia. Angalizo moja: pawabenki nyingi hukata umeme kwa kufumba na kufumbua unapozichomeka kwenye chaji au kuzichomoa. Mashine itajizima katikati ya wimbo. Ijaze kabla, kisha usiiguse.

SX haina USB kabisa. Kuiendesha kwa pawabenki kunahitaji waya wa kupandisha volti 5 kuwa 9 wenye plagi ya hasi katikati. Waya za bei ya chini huleta mlio mwembamba kwenye hedifoni, hasa pale pedi zinapokuwa kimya. Jaribu kabla ya siku ya shughuli.

Kukagua iliyotumika

Hii ni kazi ya dakika 15, na kwa SX usiiruke hata kama muuzaji ni rafiki wa rafiki.

Anza na kifuniko cha betri. Fungua, mulika tochi kwenye springi. Ukiona unga mweupe au wa kijani, betri zilivuja. Ukiwa juu ya springi tu unasafishika kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti ya isopropili. Ukiwa umeingia ndani kwenye waya, achana nayo.

Weka kadi yako ndani, rekodi mlio mmoja mfupi, na ujaze kwenye pedi zote 12 za benki moja. Piga kila pedi mara 10 kwa kidole kimoja: mara 5 katikati na mara 5 pembeni. Unatafuta matatu. Pedi inayolia mara mbili kwa pigo moja ina mguso uliochoka au mchafu. Pedi inayohitaji kukandamizwa ina vumbi chini ya mpira wake, na kwa vumbi la Dodoma hilo ni la kawaida. Fundi akiifungua na kusafisha kwa isopropili, mara nyingi inarudi. Pedi isiyoitika kabisa inaweza kuwa waya wa utepe ndani, na hiyo ni pesa. Kabla hujalaumu pedi inayokata sauti ukiondoa kidole, tazama kitufe cha GATE. Kikiwa kimewaka, sauti hulia wakati umeshikilia tu. Kuna watu wamepunguziwa bei kwa sababu ya taa hiyo, na wengine wameacha mashine nzima.

Nobu tatu za CTRL zizungushe polepole huku efekti ikiwa imewashwa na sauti inalia. Mkwaruzo unaopungua ukizungusha mara kadhaa ni vumbi. Mkwaruzo unaobaki mahali pamoja kila mara, au thamani inayoruka kutoka 30 hadi 90, ni nobu iliyoisha. Fanya hivyo hivyo kwa nobu ya sauti, kisha tikisa taratibu plagi ya kila tundu la nyuma ukiwa umevaa hedifoni. Upande mmoja ukikatika, ni lehemu iliyopasuka. Kazi ndogo kwa fundi mwenye mkono mwepesi.

Kwenye MKII ongeza mawili: kioo chake kidogo kisiwe na mistari iliyofifia, na tundu la USB-C lisicheze. Tundu hilo ndilo linalobeba umeme, data na sauti, na likifa umebaki na nusu ya mashine.

Sauti inapoingia

SX inarekodi kwa 44.1 kHz, MKII kwa 48 kHz, zote biti 16. Kwa sikio tofauti hiyo haina uzito. Kwa nafasi, dakika moja ya stereo ni kama MB 10.6 kwenye SX na MB 11.5 kwenye MKII. Sampuli moja ya MKII haiwezi kuzidi dakika 16.

Uzito uko kwenye matundu. SX ina RCA za kuingilia na kutokea, tundu la maiki, na maiki ndogo iliyojengwa humo humo kwenye mashine. MKII ina matundu ya 6.3 mm, tundu la maiki ambalo pia hupokea gitaa, matundu mawili ya hedifoni, na haina maiki ya ndani. Mstari huo mmoja SX inashinda. Mtu anayekwenda Chamwino au Mpwapwa kunasa ngoma za muheme, akiwa na SX na betri 6 tayari ana kinasa sauti kamili. Maiki hiyo haitakupa sauti ya studio. Ina ukwaruzo wake, na kwa biti (midundo) za mtindo wa zamani ukwaruzo huo ni mali. Mwenye MKII lazima abebe maiki na waya. Maiki ya kondensa isiwe hiyo, kwa sababu mashine hazitoi volti 48 za kuiwasha.

Utaratibu wa kunasa ni ule ule kwa zote. Bonyeza EXT SOURCE usikie kinachoingia, ukiwa kwenye hedifoni. Spika zikiwa wazi mbele ya maiki zitapiga kelele ya mzunguko. Mwombe mpigaji apige pigo lake kubwa kuliko yote, si la kujaribu. Shusha kiwango hadi taa ya kuzidi isiwake, kisha shusha kidogo tena, maana mtu akichangamka hupiga zaidi ya alivyopiga kwenye majaribio. Bonyeza REC, chagua pedi inayowaka na kuzima, bonyeza REC kuanza, na REC tena kumaliza. Pigo lililopasuka halirekebishiki baadaye kwa efekti yoyote.

MKII ina silaha ambayo SX haina: inakumbuka sekunde zilizopita hata kama hukuwa unarekodi, na unaweza kurudi nyuma ukazichukua. Ilipotoka ilikuwa sekunde 25. Kwa mtu anayecheza na kubahatisha, hiyo peke yake inaweza kuhalalisha bei.

Na ruhusa isisahaulike. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inagusa pia sanaa za jadi, na mwenye zeze au ilimba (ala ya Wagogo ya vyuma vya kudonoa) uliyemrekodi ana haki zake kama mwanamuziki yeyote. Malizaneni kwa maandishi kabla ya kazi kutoka. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiyo ya kuuliza.

Jaribio la ilimba

Hapa ndipo tofauti ya mashine hizi inaonekana wazi, na ndiyo maana tunashauri ilimba badala ya ngoma. Vyuma vyake vikidonolewa huendelea kulia muda mrefu, na vile visivyoguswa hulia kidogo vikisindikiza. Juu ya matundu ya sanduku lake hubandikwa utando wa buibui unaotoa ule mvumo kama wa nyuki. Ukikata vibaya, mvumo ndio unaokufa kwanza.

Chukua sekunde 20 za ilimba, zile zile, uziingize kwenye mashine zote mbili kutoka kwenye simu kwa kiwango kinacholingana. Sasa zigawe ziwe noti moja moja.

Kwenye MKII unaona mchoro wa wimbi kwenye kioo. Iambie ikate yenyewe kwa kufuata mwanzo wa kila pigo, au igawanye sawa kwa sawa, au weka alama kwa mkono sauti ikiwa inalia. Ikikata yenyewe kwenye ilimba itakosea, kwa sababu pigo jipya huanza wakati la zamani bado linavuma, na mashine hudhani ni kitu kimoja. Punguza au ongeza usikivu hadi idadi ya vipande ikaribie idadi ya mapigo uliyoyahesabu kwa sikio, kisha sogeza alama zilizobaki kwa mkono. Noti 16 zinakaa kwenye pedi 16, nne kwa nne. Dakika 5 umemaliza.

Kwenye SX hakuna wimbi la kutazama. Kuna tarakimu tatu nyekundu. Unapiga sampuli, unabonyeza MARK pale pigo linapoanza na tena linapokwisha, unasikiliza, unarekebisha, kisha unarudia kwa pedi inayofuata. Pedi ni 12, hivyo noti 4 zinahamia benki nyingine. Ni nusu saa kwa mtu mwenye uzoefu. Makosa ya kawaida ni mawili: kuweka mwanzo mapema mno, na biti nzima ikaonekana imechelewa, au kuweka mwisho mapema mno, na mvumo ukakatwa kama uzi. Acha mkia mrefu kuliko unavyodhani, zima GATE, uache sauti iishe yenyewe.

Mikia hiyo ikirundikana inaleta jambo la pili. SX inalia sauti 12 kwa wakati mmoja, MKII 32. Tengeneza biti ya ngoma, besi, na ilimba yenye mikia mirefu, halafu usikilize: kwenye SX kuna noti zitakazonyamaza ghafla kuipisha inayofuata. Dawa yake ni kuicheza ilimba yote peke yake, kuirekodi upya kwa RESAMPLE iwe sampuli moja, ndipo uongeze vingine. Kuna wanaoupenda utaratibu huo, kwa sababu unakulazimisha kuamua na kusonga mbele. Ila ujue SX haina kurudi nyuma, kwa hiyo nakili pedi kabla hujaifanyia kitu.

MKII pia inaweza kupandisha au kushusha sauti ya kila sampuli na kuicheza noti moja kama kinanda. Kwenye SX hilo hufanywa kwa efekti kisha RESAMPLE.

Efekti, na ubishi wa "sauti ya zamani"

SX inatumia efekti moja kwa wakati. Ukitaka mwangwi juu ya kichujio, piga kwa kichujio, fanya RESAMPLE, kisha weka mwangwi. MKII ina njia nne: mbili za mwanzo unazipangia pedi, mbili za mwisho zinapokea kila kitu, na kuna nyingine ya sauti inayoingia. Kwa anayeimba au kuchana huku akicheza biti jukwaani, hapa ubishi umekwisha.

Kuhusu madai kwamba SX ina sauti nzito zaidi, fanya jaribio la haki. Sawazisha viwango kwanza: pigo kubwa la ngoma lisome namba ile ile kwenye mita ya programu yako ya kurekodi, tuseme −6 dB, kwa mashine zote. Sauti iliyozidi kwa dB 1 tu husikika kama bora, na ubishi mwingi wa mitandaoni umetokana na hilo. Kisha mwenzako acheze rekodi hizo bila kukuambia ni ipi. Tofauti utaisikia zaidi kwenye ile efekti ya sahani ya santuri, na hata hapo MKII imewekewa matoleo mawili, la SP-303 iliyoitangulia 404 na la 404 yenyewe. Kwa maoni yetu tofauti ipo, ila haifikii nusu ya sifa inayopewa.

Kadi, mafaili na kuhama

Kila kitu cha SX kinaishi kwenye kadi ya SD: benki 10 za pedi 12, jumla sampuli 120. MKII ina hifadhi ya ndani ya GB 16, miradi 16, sampuli 160 kwa kila mradi. Kadi ni ya kuingizia, kutolea na kuweka akiba. Zote zinataka kadi isiyozidi GB 32. Ukiweka ya 64 ikakataliwa, mashine ni nzima.

Kadi bandia ni balaa la SX. Imeandikwa GB 32, ndani ina 4; zikijaa, sampuli mpya zinaonekana zimehifadhiwa na kesho hazipo. Kabla ya kuitumia ijaze kwa kompyuta kwa programu ya kupimia kadi kama H2testw, kisha iformati ndani ya SX yenyewe. Usiitoe kadi wala kuzima mashine ikiwa bado inaandika. Siku umeme unapokatika-katika, rekodi kwa betri.

Ukiifungua kadi ya SX kwenye kompyuta utaona mafaili ya WAV yenye majina kama A0000001, yaani benki A pedi 1. Kuyanakili kama akiba ni sawa. Usiyabadilishe majina wala kutupia WAV zako humo kwa mkono, kwa sababu faili la PAD_INFO.BIN ndilo linaloshika mipangilio. Tumia programu ya Roland ya Wave Converter. Kwa MKII ni rahisi zaidi: tengeneza folda ya IMPORT kwenye kadi, weka mafaili, ingiza kupitia menyu. Menyu hiyo hiyo inapokea pia mradi wa SX au A, kwa hiyo anayehama hapotezi kazi zake. Chukua nakala ya kadi kwanza, hamisha, piga pedi zote za benki A hadi J, ndipo uiuze ile ya zamani.

Kuunganisha na kompyuta

MKII inapeleka sauti kwa USB, kwa hiyo inafanya kazi ya kadi ya sauti ya nje. SX inataka kadi hiyo inunuliwe pembeni, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu. Tofauti ya bei kati ya SX na MKII ikiwa ndogo kuliko bei ya kadi ya sauti ya kawaida, chukua MKII. Tofauti ikiwa kubwa na wewe unacheza moja kwa moja kwenye mikisa, SX nzima bado ni mashine ya kazi.

MKII ikiunganishwa na laptop inayochaji, na wakati huo huo na mikisa, unaweza kusikia mvumo wa umeme. Chomoa chaji ya laptop usikie. Ukipotea, ni mzunguko wa ardhi: chomeka laptop, mikisa na mashine kwenye kebo moja ya ukutani, au weka boksi la kutenganisha sauti kati ya sampla na mikisa. Usikate pini ya ardhi ya plagi.

Vumbi

Kuanzia Mei hadi Novemba upepo wa Dodoma hauna huruma. Funika mashine kwa kitambaa kila unapoinuka, hata kama unarudi baada ya chai. Pedi zifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kati yake tumia brashi laini ya rangi. Nobu zinazokwaruza zinataka dawa ya kupuliza ya kusafishia mawasiliano ya umeme, tone moja, mashine ikiwa imezimwa na betri zimetolewa, kisha zungusha mara 20 na uiache ikauke. Mafuta ya kulainishia kufuli na bawaba yasikaribie. Hunyonya vumbi, na baada ya miezi miwili nobu inakuwa mbaya kuliko ulivyoianza. Kama mashine inakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, iwe na sponji pande zote sita, na nobu zisibebe uzito wa kitu chochote. Ikifika, rudia lile jaribio la pedi mara 10 kabla hujamwambia muuzaji mmemalizana.